Sanduku, mikoba ya turubai, shangazi kaja au begi la mgongoni: kipi kinafaa safari ndefu ya pikipiki ndogo?

Pale Ruaha Mbuyuni, malori yanapopumua kabla ya kuupanda Mlima Kitonga, fundi wa kuchomelea aliizunguka pikipiki yangu mara mbili bila kusema neno. Akainama, akaingiza ukucha kwenye ufa wa keria, ndipo akaniuliza: “Kaka, humu ndani umemhamisha mwenye nyumba?”

Nilikuwa nimetoka Dar alfajiri, naelekea Njombe kwenye harusi. Nyuma yangu kulikuwa na sanduku la plastiki la lita 45, la kufunga kwa ufunguo, ambalo muuzaji aliniapia kwamba ndilo la safari. Jirani wa yule fundi alikuwa mnunuzi wa vitunguu mwenye mizani ya kuning’iniza. Tukalishusha sanduku, tukalitundika: kilo 19. Sanduku tupu ni kilo 4, kwa hiyo kilo 15 zilikuwa zangu. Suruali tatu za jinsi, viatu vya harusi, taulo, seti nzima ya spana ambayo nusu yake haiingii kwenye nati yoyote ya Boxer, na pasi. Naam, pasi ya umeme.

Tangu siku hiyo nimebeba mizigo kwa namna nne tofauti kwenye pikipiki ileile ya cc 150, njia ileile ya Morogoro, Mikumi, Iringa na kuendelea. Ninayoyaeleza hapa ni kwa mwenye Boxer, TVS, Honda ndogo na wenzao wa cc 100 hadi 150, anayetaka kwenda mkoani na kurudi bila kuvunja keria wala mgongo. Wenye mapikipiki makubwa ya masanduku ya alumini wana matatizo yao, tuwaache nayo.

Kabla ya lita, uliza uzito unakaa wapi

Mtu akienda kununua begi huuliza linaingiza kiasi gani. Mimi siku hizi naanza na futi kamba. Kwenye pikipiki yangu, toka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni sentimita 128 hivi. Katikati ya lile sanduku palikuwa sentimita 35 nyuma ya ekseli ya nyuma. Hapo pikipiki inageuka pembea ya watoto: kinachokaa nyuma ya ekseli kinainua mbele. Zidisha kilo 19 kwa 35, gawanya kwa 128, unapata kilo 5 na kidogo. Hizo ndizo gurudumu la mbele lilizonyang’anywa, na la nyuma likajikuta limebeba 24, si 19.

Kwenye tambarare ya Chalinze huoni kitu. Yaone ukiwa kwenye kona za Kitonga, gia ya pili, mbele yako lori linapanda kwa mwendo wa mguu na jingine linashuka. Usukani unakuwa mwepesi mno, mbele inaelea, na kila shimo dogo linaitikisa pikipiki kuanzia mkiani. Mzigo uleule ukiulaza juu ya kiti cha abiria, au ukiuning’iniza pembeni ya kiti chini yake, unaangukia mbele kidogo ya ekseli, na gurudumu la mbele linapata haki yake.

Sanduku la nyuma

Nianze kwa kulisifu, maana mjini halina mpinzani. Unafunga, unaingia benki, unatoka, vitu vipo. Mvua ya Dar inakunyeshea wewe tu. Helmeti inaingia. Kwa mtu wa kupeleka nyaraka Posta na kurudi Tabata, asihangaike na kingine.

Safarini ndipo linapoanza kudai. Fungua kifuniko cha sanduku lolote, soma kibandiko kilichomo ndani au kwenye sahani yake ya kufungia. Mengi yamewekewa kikomo cha kilo 3, mengine 5, na yale ya hali ya juu 10. Nani anayesoma? Sanduku lina lita 45 na binadamu akiona nafasi ataijaza. Halafu ni refu na pana: basi la abiria likikupita kwa kasi, upepo wake unalishika sanduku kama tanga, unaona pikipiki inasogea yenyewe kuelekea ukingo wa lami. Na keria za pikipiki zetu zimetengenezwa kubeba kitu kilicholala na kufungwa, kwa hiyo kitu kilichosimama na kuyumba kwa kilomita 700 kinazichosha chuma. Yangu ilipasuka pale bomba lake linapokutana na sahani ya boliti, mahali hasa ambapo huwezi kupaona ukiwa umekaa.

Mikoba ya pembeni ya turubai

Hii ndiyo niliyoishia nayo, na nitakaa hapa zaidi kidogo.

Ya kununua ipo, ya nje ya nchi, na bei yake unaweza kununulia tairi mbili na bado ukala. Yangu imeshonwa na fundi mabegi kwa mabaki ya turubai la lori. Nilimpelekea kipimo nilichochora kwenye gazeti: kila mkoba urefu sentimita 38, kimo 28, upana 17, ambayo ni lita 18 kwa mmoja. Mikoba miwili inaunganishwa na mikanda miwili mipana inayopita chini ya kiti. Yote pamoja ikiwa mitupu ina kilo moja na nusu na ushei.

Fundi alitaka kuweka zipu. Nikakataa, na nakushauri ukatae. Vumbi la barabara ya changarawe linaingia kwenye meno ya zipu, ya kwanza huganda, ya pili hupasuka, na ya tatu unafunga kwa kamba ya katani mbele za watu. Mdomo wa mkoba uwe mrefu wa kukunja mara tatu kama mfuko wa unga, kisha mkanda upite juu. Hakuna cha kuharibika.

Mikoba laini ina hatari moja kubwa: ikibembea inaingia kwenye spoku. Kwa hiyo kabla ya mikoba panahitajika fremu ya kuizuia. Fundi wa kuchomelea wa kwanza alinitengenezea kwa nondo ya milimita 12 kwa sababu ndiyo iliyokuwa imebaki kwenye kijiwe chake. Nondo hiyo ina gramu 888 kwa kila mita, na fremu zote mbili na kiungo chake zilikula mita 3, yaani zaidi ya kilo mbili na nusu za chuma kitupu. Ya milimita 10 ni gramu 617 kwa mita, kwa hiyo fremu ileile inashuka chini ya kilo mbili, na mikoba hulalia tu, haihitaji nguvu ya nguzo ya ghorofa. Nilirudia kazi.

Upande wa bomba la moshi acha nafasi ya vidole vinne kati ya mkoba na bomba, na ukiweza weka kipande cha bati kati yao. Turubai linavumilia joto kuliko salfeti, lakini halivumilii kuegemea bomba kutoka Mlandizi hadi Morogoro.

Ubaya wake? Haifungwi kwa ufunguo, kwa hiyo ukisimama kula unakaa meza ya kuiona. Inakupanua, na kule Kimara kwenye foleni utabaki nyuma ya magari huku wenzako wakipenya. Na lazima pande mbili zilingane. Ukiweka spana zote kushoto na nguo kulia, pikipiki itakuwa inakuvuta upande mmoja siku nzima, na jioni bega moja linauma bila kujua kwa nini. Napima kwa mizani ya muuza mchele wa mtaani. Ananicheka, lakini anapima.

Shangazi kaja na mfuko usiopitisha maji

Lile begi la salfeti la miraba ya bluu na nyekundu limesafirisha Waswahili wengi kuliko shirika lolote la ndege, na sitalidharau. Ni jepesi kuliko vyote, ni rahisi, lina nafasi kubwa, na likilazwa juu ya kiti cha nyuma uzito unakaa mahali pazuri. Shida ni mvua na moto. Mishono yake inavuja, na likigusa bomba la moshi halichomeki, linayeyuka. Langu liliteleza mahali fulani kabla ya Chalinze. Nilichonusa nilidhani ni klachi. Kuja kusimama, pembe ya begi imekuwa gundi nyeusi juu ya bomba na soksi moja imeungana nayo. Gundi ile ilinukia mwezi mzima kila nilipowasha.

Ukilipenda umbo hilo, yaani kitu kimoja kilicholala juu ya kiti, basi tafuta mfuko mzito wa kukunja mdomo usiopitisha maji, wale wa wavuvi na watalii wa boti, lita 30 au 40. Unagharimu zaidi, lakini ni mfuko wa miaka. Kwa safari ya siku mbili tatu ya mtu mmoja naufikiria kuwa bora kuliko mikoba yangu: hakuna fremu, hakuna fundi, unaubeba kwa mkono mmoja kuingia nao gesti. Unashindwa pale unapokuwa na abiria, maana kiti chake ndicho kilichokaliwa na mzigo.

Tahadhari kwa waliozoea kufunga nguo kwenye mifuko ya rambo ndani ya begi: Tanzania ilipiga marufuku mifuko hiyo tangu 1 Juni 2019, Kenya iliitangulia Agosti 2017. Anayevuka Namanga na rambo kumi ndani ya begi anajitafutia mazungumzo marefu. Pillowcase ya zamani, yaani foronya, inagawa nguo vizuri tu.

Begi la mgongoni

Kwa ufupi, hapana. Kilo 8 mgongoni ni kitu kidogo ukitembea kutoka stendi hadi nyumbani. Saa ya tano juu ya pikipiki mikanda imeshakata mzunguko wa damu mabegani, mgongo umelowa jasho, na kila ukigeuza shingo kutazama nyuma begi linakuvuta. Ukianguka ndilo litakalokukunja. Kama huna kingine, refusha mikanda mpaka kitako cha begi kikae juu ya kiti, na ndani ubaki na vitu vyepesi. Mimi nabeba kifuko kidogo cha kiunoni tu: leseni, bima, simu, pesa, vidonge vya maumivu.

Namba zangu mwenyewe, nilizopima kwenye pikipiki yangu, ni hizi:

| | Uzito mtupu | Lita | Mahali uzito unapokaa | Mvua | Ufunguo |
|---|---|---|---|---|---|
| Sanduku | kilo 4 | 45 | nyuma ya ekseli, juu | haiingii | ndiyo |
| Mikoba na fremu ya nondo 10 | kilo 3.4 | 36 | pembeni, chini | kidogo kwenye mishono | hapana |
| Mfuko usiopitisha maji | kilo 0.9 | 40 | juu ya kiti | haiingii | hapana |
| Shangazi kaja | gramu 300 | 60 na zaidi | juu ya kiti, likikaa | inaingia | hapana |

Kufungia: mpira wa tyubu, wenye kulabu au mkanda?

Hapa watu huweka akili kidogo kuliko inavyostahili. Mpira wenye kulabu unauzwa kila taa za barabarani, unafunga kwa sekunde mbili, na ukifyatuka kulabu yake inatafuta jicho. Pia unarefuka: mzigo ukiruka kwenye tuta, mpira unauruhusu uruke, kisha uhame. Mpira uliokatwa kwenye tyubu, ule wa bodaboda wetu, ni bora mara mbili. Unashika, hauna kulabu, ni wa bei ya maji, na ukipata dharura una kazi nyingine kumi. Lakini nao unarefuka, na jua likiupiga miezi kadhaa unapasuka nyufa ndogondogo. Uvute mkononi kabla ya safari, ukiona nyufa, tupa.

Ninachotumia kwa mzigo mkubwa ni mikanda miwili ya nailoni yenye kibano cha chuma, inayovutwa ikakaza na haivutiki tena. Mpira wa tyubu unabaki juu yake kama wa akiba. Mkia wa mkanda unaobaki ufungwe fundo, usiachwe ukipepea, kwa sababu mkanda ukiingia kwenye cheni gurudumu la nyuma linaganda palepale.

Mzigo wote hulegea kilomita za mwanzo, nguo zinaposhikana. Simama kilomita 30 hivi baada ya kuondoka, kaza upya. Ukitoka Morogoro, mahali pa mwisho pazuri pa kukagua ni Doma, kwa sababu baada ya hapo barabara inakatisha Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi, na kusimama kufunga begi mahali ambapo nyati anavuka barabara si jambo la kumsimulia mama.

Vitu vya kuacha, na vichache vya kuongeza

Begi zuri haliokoi mzigo mbaya. Taulo niliacha baada ya kugundua nilichokuwa nakijua: gesti karibu zote za njia hii zinakupa taulo, kipande cha sabuni na kandambili. Kikoi kimoja kinatosha kwa yote yanayobaki, shuka, taulo la dharura, kitu cha kujifunika shingo vumbi likizidi. Jinsi moja, ile uliyovaa, basi. Ya pili iwe suruali ya kitambaa chepesi, inafuliwa usiku kwenye ndoo na asubuhi imekauka. Jinsi ukiifua Mafinga mwezi wa Julai utaivaa mbichi.

Hema nimeshalibeba mara moja. Kilo 3, na sikulifungua.

Kwenye mvua ulinganisho ni rahisi: koti na suruali, vipande viwili, dhidi ya lile joho la kuvaa kichwani. Joho linafaa kwa anayetembea kwa miguu. Kwenye pikipiki linajaa upepo, linapepea karibu na gurudumu, na maji yanaingia kuanzia magotini. Vipande viwili, saizi kubwa kuliko yako, viwekwe juu kabisa ya begi. Baridi nayo, hasa kipupwe cha Juni hadi Agosti kuanzia Mafinga, Makambako hadi Njombe, inataka kinga ya upepo zaidi ya manyoya. Lile koti la mvua ukilivaa juu ya sweta moja linatosha, na asiye na kitu akunje gazeti aliweke kifuani ndani ya jaketi. Ikizidi, mitumba ya Makambako ina masweta ambayo Dar huyaoni. Unanunua unapolihitaji, badala ya kulibeba kilomita 600 kwenye joto.

Vifaa: spana za namba zinazoingia kwenye pikipiki yako tu. Kaa nayo nyumbani, fungua ekseli, kaza cheni, toa plagi, na kila spana uliyoigusa iweke kando. Hizo ndizo za kubeba. Zangu zilikuwa tano na bisibisi moja. Ongeza plagi moja, waya wa klachi, viraka na solusheni, vyuma viwili vya kubandulia tairi, na tyubu moja. Moja inatosha kwa sababu rimu zangu zote mbili ni za inchi 17. Tyubu ya nyuma itakaa mbele kwa shida lakini itakufikisha kwa fundi pancha. Pampu ndogo ya baiskeli inafaa, ila hakikisha nyumbani kwamba mdomo wake unashika vali ya pikipiki. Vyote hivi nimevisokota kwenye kipande cha turubai na kuvifunga kwenye gadi ya mbele ya injini. Ni vitu vizito, na pale vinalikandamiza gurudumu lile la mbele tulilolionea huruma mwanzoni.

Mafuta ya akiba kwenye dumu, usihangaike kwa njia hii. Tangi la lita 11 na pikipiki inayokwenda kilomita 40 kwa lita ikiwa na mzigo, kutoka Dar hadi Iringa ni kilomita 500 hivi. Ukijaza Morogoro umemaliza.

Kwa hiyo, mtu mmoja, siku mbili tatu: mfuko usiopitisha maji na mikanda miwili. Mmoja, wiki na zaidi, au barabara za changarawe: mikoba. Wawili kwenye pikipiki: mikoba kwa nguo, na sanduku dogo la lita 28 kwa vitu vyepesi tu kama makoti ya mvua na mikate, huku ukijua kwamba cc 150 yenye watu wawili na mizigo itaupanda Kitonga kwa gia ambayo hukuitarajia. Asiye na fedha kabisa achukue shangazi kaja, alilaze, alifunge kwa mpira wa tyubu sehemu tatu, na upande wa bomba aliweke mbali.

Lile sanduku langu sikuliuza. Jumatatu hadi Ijumaa liko nyuma ya pikipiki mjini, na safari ikifika nafungua boliti nne na kuliacha uvunguni. Pasi iko humo ndani. Kule Njombe shati la harusi lilinyooshwa na shemeji kwa pasi ya mkaa.